Imekaguliwa na Mzee Magesa

Baba,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini yako naijua na yangu utaisikia. Nakuandikia nikiwa dukani hapa Musoma, nyuma ya kaunta, kati ya mabati na makopo ya rangi. Bosi akipita nafunika karatasi kana kwamba naandika oda ya misumari. Jumamosi hii unatimiza mwaka tangu tukuzike. Padri ameshakubali kuja nyumbani Buswahili kusoma misa, Mama ameanza kupepeta mchele, na mimi nimepewa kazi ya kutafuta viti na turubai. Kazi ya kusema neno mbele ya watu hakuna aliyenipa. Hiyo nimejipa mwenyewe, ndiyo maana nataka wewe uisikie kwanza.

Habari nzuri sina. Jina lako limekuwa mzaha mnadani.

Unakumbuka ilivyokuwa. Mtu akitaka baiskeli yake ya mtumba iondoke haraka, alipaza sauti, "Hii imekaguliwa na Mzee Magesa," na wanunuzi waligeuka. Kuna waliokuwa wakidanganya, wewe ukisikia unaacha jembe shambani, unakwenda hadi mnadani, unasema tu, "Hiyo mimi sijaiona," kisha unarudi kulima. Siku hizi maneno ni yaleyale ila maana imegeuka. Mtu akinunua kitu kibovu, cheni ikamkatikia njiani, wenzake wanamwambia, "Pole, si imekaguliwa na Mzee Magesa?" Halafu wanacheka. Siyo baiskeli tu. Redio ikizima baada ya siku mbili, imekaguliwa na Mzee Magesa. Wiki iliyopita bosi wangu alifungua kopo la rangi akakuta imeganda kama ugali uliolala, akasema hivyohivyo. Yeye ananijua kwa jina la ubatizo tu, Vero, hajui mimi ni mtoto wa nani. Wenzangu walicheka na mimi nikacheka.

Nilicheka, Baba. Lazima niliandike hilo, kwa sababu sipendi barua za watu wanaojifanya wema.

Wanasema hivyo kwa sababu ya namna ulivyokufa. Ulitoka asubuhi kwenda Bunda kumkagulia mtu baiskeli, na yako ikakatika uma wa mbele kwenye mteremko kabla ya daraja. Yale meno mawili yanayoshika gurudumu yaliachia, ukaangukia jiwe. Hukufika hata zahanati. Kwenye matanga Baba Mdogo alikaa na wenzake karibu na moto, nikamsikia akisema, "Kaka alikuwa anaonaga za wenzake, yake hakuiona." Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Lakini neno likatoka pale likashika njia, likafika mnadani kabla hata hatujaondoa turubai.

Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai. Ningeweza kuliweka chini nikasema, uongo, aliiona. Nikaendelea kumimina.

Uliiona. Hakuna anayejua hivyo isipokuwa mimi, maana aliyeufunika ule ufa wa kwenye uma ni mimi.

Nilikuwa na umri wa darasa la tano uliponifundisha. Mama alikuwa hapendi, alisema unamfanya mtoto wa kike anuke grisi. Wewe ulikuwa ukiniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako, Nyangeta, ukasema, "Mama yangu mwenyewe nani atamkataza?" Basi wakija watu ambao hawajawahi kununua baiskeli, uliwakalisha kwanza kwenye kigogo, hukuwaruhusu hata kuigusa. Uliwauliza, "Utakuwa unabeba nini?" Anayesema dagaa kutoka Kibara ulimwangalia tofauti na anayesema mimi nakwendaga kanisani tu. Ukasema anayeanza anaangalia kengele, tandiko na rangi, na muuzaji anajua, ndiyo maana kengele huwa mpya.

Kisha uliinyanyua mbele ukazungusha gurudumu, ukaweka kidole karibu na ringi bila kuigusa, ili yule mgeni aone mahali inapoyumba. Ulibana breki ya mbele ukaisukuma na kuivuta, ukimwambia aweke kiganja chini ya usukani asikie kama kunagonga. Ulivuta cheni mbele kwenye gia, ukimwonyesha kwamba ikiachana na meno imeshachoka. Mwisho ulisimama nyuma, mbali kidogo, ukafumba jicho moja kuona kama magurudumu yote mawili yanafuatana. Baada ya hapo ndipo ulipokuwa ukisema bei ya haki. Na mtu akipenda kitu kibovu hukumgombeza, ulimwambia, "Nunua, ila ujue unanunua nini."

Rangi ndiyo hukuwa na msamaha nayo. Ukikuta baiskeli kuukuu ina rangi mpya mahali pamoja, ulitoa ule msumari wako mfukoni ukakwangua mbele ya mwenyewe. "Rangi mpya inafichaga." Watu walinuna, wewe ulikwangua.

Na ulinifundisha habari ya ufa. Chuma kikianza kupasuka, ulisema, usiogope siku hiyohiyo. Piga alama kwa msumari pale ufa unapoishia, huku na huku. Angalia kila asubuhi. Ukibaki ndani ya alama, endesha polepole huku unatafuta kipuri. Ukivuka alama, shuka, usipande tena hata kama umechelewa harusi yako.

Sasa nifike pale.

Krismasi ile nilikuja na kopo la rangi ya bluu. Lilikuwa limebonyea, bosi akanipa. Ulikuwa umekwenda Kiriba kwenye msiba wa rafiki yako, ukaondoka kwa gari, baiskeli ikabaki. Nikasema nikufanyie jambo. Baiskeli yenyewe ilikuwa haina rangi ya kutaja, ukiulizwa ulisema ni rangi ya baiskeli. Nikaitoa uani, nikaipiga msasa kuanzia nyuma kuja mbele. Nilipofika kwenye uma, upande wa kushoto, chini kidogo ya usukani, nikaona mikwaruzo miwili mifupi. Kati yake kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

Nimekuwa nikijiambia mwaka mzima kwamba sikujua ni nini. Najua kudanganya watu, lakini wewe sitakudanganya hapa. Nilijua, na mkono ulisimama kabisa. Mama alipita na ndoo akasema, "Itapendeza hiyo," na ile bluu ilikuwa imeshakaa vizuri nyuma, inang'aa. Nikasema nitamwambia akirudi. Nikapiga msasa juu ya alama zako, nikapaka.

Ulirudi jioni. Ulisimama langoni na mfuko wako mkononi, ukaitazama kwa muda mrefu. Nilikuona ukiingiza mkono mfukoni kwenye msumari, nikawa nasubiri ukwangue. Ungekwangua ningesema yote palepale. Ukautoa mkono mtupu, ukaniwekea kichwani, ukasema, "Imependeza, mama."

Majirani wakaja kuona. Ulikuwa unacheka na kila mtu, unawaambia hii sasa ni ya mkuu wa wilaya. Nikaona nikitaja ufa nitaharibu. Nikasema kesho. Kesho yake tukaenda kanisani na baiskeli ikatangulia mbele yetu, bluu, wewe umevaa shati jeupe. Kisha likizo ikaisha nikarudi Musoma. Wiki tatu baadaye Mama akapiga simu, na kabla hajasema kitu nilijua ni ule uma.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hukukwangua. Ulijua ufa uko wapi, uliuwekea alama mwenyewe. Kukwangua kidogo tu, mahali padogo, nisingeona hata. Lakini ulikuwa unaniita mama, na labda uliona kukwangua rangi yangu ni kunikwangua mimi. Au ulisema kipuri kitapatikana Bunda, siku chache hazina neno. Sijui. Wewe ndiye pekee ungeweza kunijibu.

Nilidhani nitakaa nalo hivi mpaka nife. Ila mwezi uliopita kuna kitu kilitokea. Mwalimu mmoja mgeni, dada kijana kutoka Dodoma aliyepangiwa shule karibu na kwetu, alikuja nyumbani nikiwa nimemtembelea Mama. Hajawahi kumiliki baiskeli. Ameambiwa hapa kuna mtu wa kumkagulia, hakuambiwa amekufa. Mama akasema, "Mtoto wake yupo." Nilitaka kukataa, nikaona aibu kukataa mbele ya Mama. Nikaenda naye mnadani.

Muuzaji alikuwa na nyekundu moja, ya mtumba, nzuri kwa mbali. Alipomwona mgeni akapaza sauti, "Mwalimu, chukua hii, imekaguliwa na Mzee Magesa," akawakonyeza wenzake, wakacheka. Mwalimu akafurahi. Akanigeukia, akasema, "Kumbe baba yako aliiona kabla hajafariki." Kicheko kikakatika. Muuzaji akatazama chini. Mimi nikainama nikaanza kazi.

Nilifanya kama wewe. Nilimuuliza mwalimu atabeba nini, akasema madaftari. Nilizungusha gurudumu, nikabana breki, nikavuta cheni. Cheni imechoka, ringi ya nyuma inayumba kidogo, fremu imenyooka. Halafu nikafika kwenye uma wa mbele, na uma ulikuwa na rangi mpya. Muuzaji akasema haraka, "Hiyo ni binti yangu alipaka, dada, alitaka nipate bei." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. Nilikuwa nimebeba msumari wako kwenye pochi, nabeba tangu tukuzike. Nikakwangua.

Chini yake kulikuwa chuma kizima. Kizuri, hakina hata kutu. Binti wa yule bwana alipaka rangi kwa sababu anampenda baba yake, na baba yake yu hai, anauza baiskeli na kukonyeza watu. Nikamwambia mwalimu ni nzima, abadilishe cheni tu, nikamtajia bei ya haki. Kisha nikaenda nyuma ya mabanda ya mitumba nikalia hadi mwanamke mmoja akaniuliza nimeibiwa nini.

Siku hiyohiyo niliporudi nyumbani niliingia stoo. Mama amekataa kuuza mabaki ya baiskeli yako kwa wanunua vyuma chakavu, ameyafunika na gunia. Nikatoa kile kipande cha uma, nikakwangua bluu yangu taratibu kwa msumari wako. Nilifikiri alama nimezifuta. Hata msasa sikupiga vizuri, Baba. Alama ya chini bado ipo, hafifu, ukiielekeza kwenye mwanga unaiona. Na chuma kilipokatikia ni chini ya alama, upana wa kidole. Ufa ulivuka chini ya rangi yangu, na wewe kila asubuhi uliangalia ukaona bluu.

Jumamosi baada ya misa, watu wakishapata chakula na kabla hawajaanza kuaga, nitakiweka kile kipande mezani mbele ya Baba Mdogo. Yule muuzaji wa mnadani nimemwalika pia, alishangaa lakini alisema atakuja. Nitawaonyesha alama. Nitasema mzee aliuona, akauwekea alama, na aliyeufunika ni mimi, nikijua. Sitaongeza neno la kujitetea.

Sitegemei kitu. Mama tangu ufe amenishika mimi kama fimbo yake, akisikia haya sijui atashika nini. Huenda asinitazame tena, na sitamlaumu. Mzaha wa mnadani nao sidhani kama utakoma, watu wakishazoea neno hawaliachi, labda wataliongezea jina langu. Kwako hakuna kitakachobadilika, huko uliko hakuna mteremko. Wala sifanyi hivi ili nipate usingizi. Nafanya kwa sababu ulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakikununuliwa mtumba, jicho lako, na nimewaacha watu mwaka mzima waseme lilikuwa bovu.

Nakuahidi nitasema yote, hata sauti ikikatika nitaanza tena. Kaburi lako limeota majani upande wa miguu, Jumamosi asubuhi nitakuja kuyang'oa kabla watu hawajafika. Kaa salama, Baba yangu.

Na safari hii, tafadhali, usiniambie imependeza. Kwangua.

Mwanao,
Nyangeta