Barua ya Ukumbi kwa Beti Nne

Lameck, matarumbeta. Nimeyasikia nikiwa bado getini, nikajua leo hatuchezi mpira wa magongo.

Ni sendofu, watu wanamuaga bibi harusi. Ukumbi wote umepambwa na keki iko golini. Golini, Lameck.

Wageni wa Singida walishavaa jezi. Mwamuzi akasema mwenyeji hana uwanja, na kwa kuwa ni mara ya pili, tumefutwa kwenye ligi.

Nikamvaa Bi Stara, mtunza ukumbi. Nikamwambia barua ya kuomba ukumbi nilimletea kwa mkono wangu mwezi uliopita.

Akanionyesha ukutani. Kaibandika juu ya kalenda. “Hii? Si shairi hili, mwanangu? Nilijua umenitungia mimi.”

Beti nne. Uliniambia niandike barua ya kawaida, nikakuita mshamba. Tarehe ipo, ubeti wa tatu, na vina vimekaa sawa kabisa.

Bartolomayo, kipa wetu, alikuwa ngazini na pedi zake zote. Akauliza, “Kapteni, tunaanza saa ngapi?”

Nikamjibu mbele ya wageni wote: “Barto, jioni hii nitaiita timu nzima, na nitawaambia kwa maneno ya kawaida kwamba aliyeiua ni mimi.”