Mama Viti na Ukumbi Ambao Haukufungwa

Ni mwaka mmoja sasa, mama, tangu ukumbi ukose sauti yako ya kugombeza wakubwa.

Wengi walikujua kwa sare za shule ulizoshona. Cherehani ilitulisha, lakini moyo wako ulikuwa kule nyuma ya duka, kwenye ghala la popo uliloligeuza nyumba ya maigizo na ngoma, mtoto wa yeyote aingie bure. Baba alisema umechanganyikiwa. Wiki iliyofuata alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa.

Kuomba kwa kunyenyekea hukujua, jamani! Mfadhili akifika na suti yake, ulimwonyesha viti. "Bosi, mikono hiyo ni ya kupiga makofi tu? Shika upande ule." Akishatoka jasho ndipo ulipomgusia habari ya fedha. Wakakubandika jina la Mama Viti, nawe ukajifanya umekasirika.

Na yule aliyetaka kutuezekea paa lote, mradi tuache igizo lililowacheka matajiri? "Asante, baba, mvua tumeizoea." Tulikununia, mama. Tukalowa msimu mzima. Kisha wauza mboga, madereva na wabeba viti wako wakachanga, paa likapanda, na igizo lile lile likachezwa chini yake. Hadi leo tukilitazama paa lile tunaona fahari.

Ulipoondoka tuliogopa. Wafadhili walikujua wewe, si sisi. Simu zikanyamaza, mwenye ghala akaanza kuuliza kama tutaendelea. Tukaalika wabeba viti wako wote kwenye onyesho moja. Wasipokuja, tufunge mlango.

Jioni ile tulipofika, mlinzi alishafungua. Meneja wa benki amekunja mikono ya shati, anapanga viti. Fundi bomba yupo, daktari wa meno yupo. Akaingia mkurugenzi mgeni, akasimama mikono mfukoni. Meneja akamgeukia: "Bosi, mikono hiyo ni ya kupiga makofi tu? Shika upande ule."

Tulilia huku tunacheka. Ukumbi upo, mama, na watoto wameongezeka.

Unakumbukwa na mzee wako wa taa, sisi wanao watatu, wakwe zako, dada yako wa chai ya mazoezi, wajukuu walioko jukwaani, na wote uliowabebesha viti.

Daima tutakukumbuka, Mama Viti. Onyesho la kumbukumbu yako ni Jumamosi. Wageni waje mapema, viti havijapangwa.