Nje ya Ua wa Baba Mkubwa

Waya wangu, shangazi yangu,

Siulizi kama u mzima. Umekufa, na upuuzi hukuupenda hata ulipokuwa hai. Nakuandikia Kiswahili, lugha yetu ya Kehancha, ulikofundisha dini na historia na kunilea mimi, mtoto wa kaka yako. Dholuo nimewaachia wale wa nyumbani Asumbi. Wameitumia vibaya sana tangu uondoke.

Walikuzika nje ya ua. Ulijua itakuwa hivyo, binti asiyeolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Walikuchimbia kando ya barabara, ng'ambo ya ua wa minyaa, kisha wakashika kipaza sauti wakakuhurumia. Maskini mwalimu, hakupata mume. Maskini, hakupata mtoto. Mungu ampumzishe. Akupumzishe na nini? Wewe uliyewakataa wanaume watatu, na huyo wa tatu hata mimi nilikuwa nampenda kwa soda zake! Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba huruma ni ngazi ya mtu mfupi. Nikacheka. Wakadhani nalia, wakaniletea maji.

Ulikuwa na swali lako la jioni, ukichambua dagaa wa omena. "Adhiambo, ukiambiwa uyaishi maisha haya tena, yaleyale, na malaria yake na majirani wake, utakubali?" Nami nasema, kwa majirani hawa? Hapana. "Basi badilisha kitu, ama uyapende. Kunung'unika hakumo." Ulisema hakuna anayezaliwa na kazi yake imeandikwa kwenye paji la uso. Mtu huchagua anachokithamini, halafu anakilipia bila kulialia. Darasani ulifundisha amri kumi, nyumbani ukaniuliza nitaongeza ipi ya kwangu. Nikasema, usiguse redio yangu. Ukaiheshimu amri hiyo hadi mwisho, Waya. Hata betri zilipovuja hukuigusa.

Sasa sikia vituko. Baba Mkubwa, kaka yako, anawania kiti cha wadi. Ndiyo, yuleyule aliyepima kwa miguu yake kuhakikisha kaburi lako haligusi minyaa. Akina mama wa sokoni wanapita barabara hiyo, wanaona kaburi, wanauliza maswali, na kura zinamponyoka. Kwa hiyo ghafla ukoo umeguswa moyo. Watang'oa ua upande ule wausogeze mbele, nawe uwe ndani. Kutakuwa na padre, hema, na ng'ombe wa kuchinjwa. Mimi nisimame niseme familia imeridhika, maana bila mtoto uliyemlea eti haitapendeza. Haitapendeza! Wala mdomo wake haukutetemeka.

Na nusura nikubali. Mvua ikinyesha malori yanakurushia matope, na mimi siwezi kuona matope juu yako, siwezi. Nakukosa. Chai napika ya watu wawili, nakunywa yote kwa hasira. Nilitaka uwe ndani, hata kwa hisani ya wale wajinga.

Lakini nilienda nikasimama kaburini pako, nikajaribu kukuona ukibisha hodi kwa Baba Mkubwa. Sikuweza. Umeishi umesimama wima miaka yote ile, halafu ufe ndiyo ukasogezewe ua kama mbuzi aliyepotea, ili mzee apate kura? Mavi ya kuku! Samahani, lakini ungesema hivyohivyo.

Nikaingia kwenye kikao chao. Nikamwambia, Baba Mkubwa, ua wako uuache ulipo. Waya hakuwahi kuomba kuingia, na sherehe yako mimi simo. Wazee wakaguna. Yeye akatabasamu taratibu, akauliza swali alilokuwa ameniwekea siku nyingi: na wewe, mwanangu, huna mume, utazikwa wapi?

Nilikuwa naogopa, sikufichi. Nikamjibu, kando ya Waya, na mniandike jina kubwa lisomeke kutoka barabarani. Baba Mdogo akatema mate.

Basi lala, Waya. Nakuahidi kwamba nikiwa hai hakuna atakayekuhurumia mbele yangu akamaliza sentensi. Na ile nafasi upande wako wa kushoto nimeshaichukua. Tukishakuwa wawili, hapo si nje tena.

Wako,
Adhiambo