Mama, Nimejua Kwa Nini Ulifukiza Udi

Mama,

Shikamoo. Hali sikuulizi. Nimekuja kugombana nawe, na kwa kuwa ulimi huu niliurithi kwako, utanivumilia mpaka nimalize.

Kwanza ujue kwamba mwaka huu nimemkaba dada yako. Ndiyo, Mama Mkubwa Mwanasiti, yule ninayemwamkia kwa kuinama. Nilimkamata kanga shingoni nikamsukumiza ukutani, hapa uani kwangu Mtongwe, na mtungi wa maji nikaupiga teke ukapasuka. Majirani walikuja mbio wakidhani ameingia mwizi. Usinune kwanza, ngoja nikueleze.

Niliugua saratani, mama. Titi la kushoto. Nilianza kulisikia nikiwa kazini, kila nikikandamiza nazi kwenye ncha ya kifuo kuifua makumbi, panachoma. Nikavuka feri nikaenda hospitali. Daktari wangu ni binti wa bara, mdogo wa umri, sauti yake ya chini mpaka umsogelee. Aliniuliza kama kwetu yuko mwanamke aliyepata kuugua ugonjwa huu, mama, au dada wa mama, au bibi. Nikamjibu kwa kiburi kabisa kwamba kwetu hakuna, mamangu alikufa kwa presha. Akaandika presha. Titi wakalikata, kisha wakanitia dawa ambazo zilining'oa nywele na kunigeuza kucha rangi ya makaa. Nilitapika huku natukana, na nesi mmoja akaniambia hajapata kuona mgonjwa mwenye matusi yaliyopangika kama yangu.

Mama Mkubwa akaja kuniuguza. Unamjua dada yako, maisha yake yote ameosha maiti wa kike wa huku, na mkono uliozoea maiti haujui kumwosha mzima kwa namna nyingine. Aliniweka kwenye kigoda, akanifunika kitambaa toka kitovuni hadi magotini, akaanza na upande wa kulia, kimya. Mimi nikimtania kwamba asisahau mimi bado napumua. Kata ya maji ilipofika kwenye kovu, mkono wake ukasimama, na maneno yakamtoka.

"Wewe una afadhali, mwanangu, umekatwa mapema. La mamako lilikuwa lishaoza."

Nilimwomba arudie. Hakurudia. Akajaribu kuendelea kunimwagia maji kama kwamba hakusema kitu, na hapo ndipo nilipoinuka na maji yangu mwilini nikamshika. Nilimtikisa, mama. Nilimwita mwongo, nikamwita mchawi, nikamwambia amekula siri yako na sasa anataka kunila na mimi. Hakupiga kelele. Alinizaba kofi moja la kizee, la mfupa mtupu, nikaona giza. Kisha akaniambia kwamba ulimshika mkono ukiwa kitandani ukamwomba akusitiri, na kwamba mwosha akitangaza alichokiona kwa maiti, Mwenyezi Mungu naye atamtangaza yeye. Akasema bibi naye alikuwa hivyo hivyo. Mama Mdogo Mejumaa pia. Wote aliwaosha yeye, na wote aliwanyamazia.

Basi ilikuwa hivyo. Siri ya maiti aijua mwosha, tunaisema kila siku hata bila kuifikiria. Wanawake watatu wa damu moja wamekufa kwa ugonjwa mmoja, na aliyejua ni mmoja, naye alidhani anafanya wema. Na mimi siku uliyokufa walinizuia mlangoni kwa sababu nililia kwa sauti. Anayelia hivi haingii kuosha, wakasema. Mama Mkubwa alipotoka pale penye pazia aliniambia uso wako una nuru, nikamwamini, nikashukuru.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Chako hakikukuumbua, mama. Ulishinda hata wahenga.

Sasa nakumbuka vitu. Nakumbuka ulivyooga na kanga imefungwa mpaka kwapani, mgongo umetugeuzia. Nakumbuka mkono wako ulivyovimba ukasema umeulalia, ukaanza kukuna nazi kwa mkono wa kushoto, na mimi nikakucheka. Na udi! Chetezo hakikupoa nyumbani kwetu. Wageni wakiingia wanasema kwa fulani kunanukia, na wewe unatabasamu. Mimi nilikuwa najitapa kwa wenzangu kwamba mamangu anajua kujitunza. Kumbe ulikuwa unaoza, na sisi tunakusifu harufu. Ulinichapa ufagio siku niliyokudanganya kwamba nimeswali. Nikikumbuka ufagio ule natamani nikuchimbue nikuchape nao.

Nilirudi kwa yule daktari nikamwambia ukweli. Hakunilaumu, akanitoa damu. Majibu yalikuja kwamba ugonjwa wetu umo kwenye damu, unarithiwa, na hilo titi la kulia lililobaki liko hatarini kuliko la mwanamke mwingine. Akasema kuna njia mbili. Niwe napigwa picha mara kwa mara maisha yangu yote, likianza tulikimbilie, au likatwe sasa likiwa zima, kabla ugonjwa haujaingia. Akasema hata la pili hilo halina ahadi ya mia kwa mia, lakini hatari inashuka sana. Na hakuna wa kunilazimisha. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angeniamuru, ningepata wa kumlaumu.

Mume wangu, Baba Bishara, la kwanza alilivumilia. Alinibeba, alinipikia uji, alifua shuka zangu. La pili lilimshinda. Aliniuliza, "La ugonjwa lilikatwa. Hili zima lina kosa gani?" Hata mimi nililiuliza hivyo hivyo. Hilo ndilo Bishara alilonyonya, la kushoto alilikataa tangu siku ya kwanza, unakumbuka, ukasema mtoto ana kiburi cha mamake. Tungeishia hapo tungekuwa salama. Lakini akaongeza kwamba nikikatwa na hili atakuwa ameoa mwanamume mwenzake.

Nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi. Niliiinua mbuzi nzima nzima nikamrushia. Ilipita karibu na sikio lake, jino likakita mlangoni. Naye akalipiga teke jiko na sufuria ya maharagwe juu yake. Makaa yakatapakaa kwenye mkeka, mkeka ukashika moto, na sisi wawili tukaanza kuukanyaga, mimi pekupeku, yeye pekupeku, kila mmoja akimtukana mwenzake mpaka na mababu zake. Moto ulipozimika nyayo zetu zilikuwa zimeungua na chakula hakuna. Akakaa chini pale pale kwenye maharagwe akalia. Akasema anaogopa watanikata, watanikata, mpaka siku ya kuzika wakose cha kumkabidhi. Nilimpaka asali kwenye malengelenge, lakini mbuzi sikuing'oa mlangoni mpaka asubuhi, aitazame.

Maalim wa msikitini nilimuuliza, akasema kuiokoa nafsi kuna nafasi yake, nimsikilize tabibu mwaminifu. Kwa hiyo hata yeye hakuniamulia. Kuna siku nilitaka nilichukue panga la nazi nilikate mwenyewe, yaishe. Kuna siku nililishika kwa mikono miwili nikaapa kwamba atakayeligusa nitamtoa macho. Nilikuwa naogopa kuwa tambarare, mama. Nilikuwa naona aibu. Sikumwambia mtu, nakwambia wewe.

Aliyeniamulia bila kujua ni mjukuu wako. Bishara sasa ni msichana mkubwa, amemaliza shule. Siku moja niliingia uani nikamkuta anaoga, kanga imefungwa mpaka kwapani, mgongo amenigeuzia. Nikamuuliza kama anajipapasa matiti, kama daktari alivyotufundisha. Akanijibu hataki.

"Mie sitaki kujua, mama. Bibi hakujua, akafa zake kwa raha."

Nilimshika mkono nikamburura na maji yake mpaka chumbani. Nilifunga mlango, nikavua, nikamwamuru atazame. Alifumba macho, nikamfumbua kwa vidole vyangu. Nikamwambia yote, udi, mkono uliovimba, pazia, Mama Mkubwa na siri zake. Nikamwambia bibi hakufa kwa raha, bibi alioza akiwa hai na hakuna aliyemshika mkono isipokuwa mmoja. Alipiga yowe. Alinipiga ngumi kifuani, hapo hapo kwenye kovu, mara nyingi, mpaka akachoka. Niliumia sana na sikumzuia. Alipotulia akaweka kiganja pale alipopiga, akaniuliza kama panauma. Nikamwambia panauma. Akauliza kama walipokata nilijua. Nikamwambia nilikuwa nimelala. Akauliza, akauliza, akauliza, na mimi nikawa najibu.

Ndipo nikajua, mama. Mimi nilipoulizwa na daktari sikuwa na mtu wa kumrudia. Huyu siku yake ya kuulizwa ikifika, nataka awe na mama aliye hai wa kumwambia ni hivi, ilianza hapa, fanya hivi. Titi silitaki kuliko hilo. Nilimwambia daktari akate.

Baba Bishara hajasema amekubali. Amesema tu kwamba siku ya kwenda hatanipeleka mtu mwingine, atanivusha yeye. Mama Mkubwa nilikwenda kumwangukia miguuni. Akasema kofi lile limemaliza deni, ila kanga niliyompasua ilikuwa mpya. Bado anaosha, na bado hatangazi, alilofundishwa hawezi kuliacha. Lakini siku hizi akiona kitu kwenye mwili wa maiti, humwita binti wa marehemu, hata awe analia, akamtia ndani ya pazia na kumpa kata amwagie maji. Yeye hasemi neno. Macho ya binti yanaona yenyewe.

Wewe sijui kama nimekusamehe. Nikikuombea dua nafika katikati nahamaki, namalizia kwa kukufokea. Naamini Mungu anachambua lipi ni lipi. Najua uliona haya, na najua haya ile ndiyo uliyofundishwa, na kwamba ulitaka tukukumbuke ukinukia. Nakukumbuka ukinukia, mama. Hicho ndicho kinachoniuma, maana nilikupenda na harufu ile, na sasa siwezi kukaa kwenye nyumba yenye udi.

Jumatatu naingia hospitali. Nimeshamwambia Bishara kwamba bendeji atanifungua yeye, aone mbichi, aone pakikauka, na aulize chochote. Nakuahidi mjukuu wako hatangoja nifunikwe sanda ndipo aujue mwili wangu.

Kwaheri, mama, lala. Hasira zangu sijazimaliza. Nitakuja nazo kaburini kwako, na nitakuja kwa miguu yangu mwenyewe.

Mwanao,
Mwanahamisi