Mayu, Sirudishi Maneno Niliyosema Kanisani

Ugalla, Katavi
Ijumaa, nimetoka kumwagilia

Kwako mayu, mama yangu mzazi,

Mwangaluka! Hiyo ni ya asubuhi, na kama Kulwa anakusomea hii jioni, basi poleni na kazi za kutwa. Mgongo wako unaendeleaje? Mgongo ule ule uliotubeba mimi na Kulwa kwa zamu, na mimi nikilia kwa nguvu zaidi ili nipate zamu mbili. Baba kikohozi kimemwachia? Yule mbuzi wa pembe moja bado anaingia jikoni bila hodi? Mimi mwanao ni mzima kabisa. Mabega yamepanuka, sauti imekomaa, na sura imezidi kuwa nzuri. Wasichana wa kwaya ni mashahidi, ingawa ukiwauliza watakataa.

Kulwa, pacha wangu, wewe ndiye msomaji, kwa hiyo nakupa masharti. Usiruke mstari. Najua wewe umemaliza kidato cha nne na mimi niliishia cha pili nikakimbilia ng'ombe, lakini mwandiko wangu bado unasomeka kuliko wako. Ukifika penye aibu yangu, soma kwa sauti. Na mayu akisema "basi, kunja hiyo karatasi", wewe endelea tu. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu mimi nasema neno moja, mayu anasema arobaini, salio linaisha. Karatasi haikatizwi.

Mayu, wiki iliyopita ulipiga kwa simu ya mwalimu wa kwaya. Ulisema, "Doto, nenda kwa mjomba wako ukapige magoti. Ukaseme kanisani kwamba ulichanganyikiwa." Nikasema, "Mayu, ngoja nikueleze." Ukasema, "Hakuna kueleza, ni kaka yangu yule!" Simu ikakata. Sasa ndiyo nakueleza, na huna pa kubonyeza.

Ulinikabidhi kwa mjomba nikachunge, na makubaliano yalikuwa kama ya kwetu siku zote: miaka mitatu ya kuchunga, napewa mtamba wangu, naanza maisha. Mtamba mwenyewe nilishamchagua tangu akiwa ndama. Mwekundu, ana alama nyeupe kwenye paji la uso, anatembea kwa madaha kama bibi harusi. Nikamwita Madam. Nilikuwa namwimbia kila asubuhi. Mchungaji mzuri kuliko mimi huku Ugalla hajazaliwa, na simaanishi wa kanisani.

Mwaka huu mwalimu wa kwaya akanipa kipande cha kuimba peke yangu. Wimbo ameutunga yeye mwenyewe, unahusu kumpenda jirani. Basi siku moja, mahindi yakiwa yamebeba, nimepeleka ng'ombe karibu na kijito. Nikapanda juu ya kichuguu nifanye mazoezi. Nikafumba macho, maana waimbaji wakubwa wote hufumba macho. Mayu, niliimba! Ndege walinyamaza. Nilirudia kile kipande mara tano, mara sita, kila mara kinazidi kuwa kitamu. Nilipofumbua macho, kichuguu kipo, mimi nipo, ng'ombe hawapo.

Walikuwa ndani ya shamba la Mama Anitha.

Humjui, kwa hiyo nikuambie. Ni mjane, anakaa ng'ambo ya kijito na binti yake mdogo. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye amezaliwa huku huku Katavi, ana uraia wake na kila kitu. Kila nilipopita na ng'ombe alinipa maji kwenye kikombe cha bati, na hata siku moja hakuniuliza kabila. Lile shamba ndilo chakula chake cha mwaka mzima. Nilipowatoa ng'ombe, yalikuwa yamebaki mabua yaliyolala chini. Mimi nimefumba macho naimba "mpende jirani", huku ng'ombe wangu wanamaliza chakula cha jirani. Cheka, Kulwa, cheka. Mimi mwenyewe nilicheka baadaye sana.

Nilimwambia mjomba jioni ile ile. Akasema, "Nani amekuona?" Nikasema hakuna. Kesho yake akaja mwenyekiti wa kitongoji na Mama Anitha, wamefuata nyayo. Mjomba akajibu, "Ng'ombe wangu jana walikuwa mtoni kutwa. Muulizeni huyu." Akanitazama. Mwenyekiti akaniuliza, "Doto, walikuwa wapi?"

Nikasema, "Mtoni."

Neno moja tu. Mama Anitha hakubisha. Aliniangalia hivi, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akakikosa, akageuka akaenda. Walipoondoka mjomba akanishika bega: "Umekuwa mwanaume. Madam ni wako mwaka huu, bila shaka yoyote. Wale ni wakimbizi tu, watapewa na wenzao." Nikajisemea moyoni, sisi tumeshuka na ng'ombe kutoka Maswa juzi tu, tena tunamwita mgeni mtu aliyezaliwa hapa? Lakini mdomo niliufunga. Mimi, mayu! Mimi ambaye mwalimu wa darasa la nne alinihamisha madawati matatu kwa sababu ya mdomo!

Basi yakapita. Nikaacha kupita kwake, nikawa nazunguka njia ndefu. Kiu ikinishika navumilia.

Ikafika ibada ya mavuno. Unajua inavyokuwa, kila mmoja anapeleka mbele alichojaliwa, anasema neno la shukrani, halafu vitu vinanadiwa. Mjomba alipeleka dume la mbuzi na magunia mawili ya mahindi. Amevaa koti. Akasema, "Namshukuru Mungu mwaka huu mifugo imeshiba, na sijamkosea mtu." Watu wakapiga makofi, na sisi kwaya tukapiga vigelegele kama tulivyofundishwa.

Nyuma yake akaja Mama Anitha na boga moja. Lilikuwa limejificha chini ya mabua siku ile, ng'ombe hawakuliona. Akaliweka pembeni ya magunia ya mjomba, akasema, "Urakoze Mana." Ndiyo asante Mungu ya kwao. Kisha akasema Kiswahili, "Nashukuru kwa hili. Lilibaki." Hakumtazama mjomba. Hakunitazama mimi. Hakuwa anapiga mafumbo, mayu, ningejua, mafumbo ndiyo fani yangu. Alikuwa anashukuru kweli.

Sasa ikawa zamu ya kwaya. Kipande changu kikafika. Nikafungua mdomo, na ule wimbo ukagoma kutoka. Mwalimu ananikonyeza, "Ingia! Ingia!" Nikatoka kwenye mstari. Akanong'ona kwa hasira, "Rudi wewe! Unakwenda wapi?" Nikafika mbele penye lile boga nikasema, "Na mimi nina shukrani. Namshukuru Mama Anitha kwa mahindi yake. Walioyala ni ng'ombe niliokuwa nachunga mimi. Nilisema walikuwa mtoni, nilidanganya. Maziwa niliyokunywa mwezi ule yametoka shambani kwake, na sijawahi kumwambia asante wala samahani. Ndiyo nasema leo."

Mayu, aliyeendelea na shughuli zake kanisani ni mbuzi wa mjomba tu, anatafuna gunia.

Nje, mjomba alinivuta nyuma ya choo cha kanisa. "Umenivua nguo mbele za watu!"

"Sikukutaja jina, mjomba."

"Ng'ombe uliokuwa unachunga wewe ni wa nani? Wa mchungaji?"

Nikasema, "Mjomba, na wewe ungeshukuru vizuri ningekaa kimya." Hapo nakiri, mdomo ulizidi. Alinitoa kwake siku ile ile na begi langu. Masharti yake unayajua: Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao, siku ya Meza ya Bwana, nisimame pale pale niseme nilichanganyikiwa, ng'ombe walikuwa mtoni. Nikisema, narudi nyumbani kwake na Madam ni wangu. Nisiposema, nisahau mtamba, nisahau na mjomba.

Sasa nalala kwa mwalimu wa kwaya, chumba kimoja na spika za kanisa. Mchana namwagilia bustani ya Mama Anitha kule bondeni, nyanya na mchicha, mpaka mvua zirudi nimlimie shamba lote na kulizungushia miiba. Yeye hakuniomba. Siku ya kwanza nilipokuja na ndoo alisema, "Nani amekutuma?" Nikasema, "Najituma mwenyewe, mimi ni mtu mkubwa." Akasema, "Mtu mkubwa, ndoo yako inavuja." Basi ndivyo alivyonisamehe, sijapata maneno mengine. Kile kikombe cha bati kimerudi.

Wachungaji wenzangu wakipita wananizomea: "Doto kawa mama ntilie! Doto kateka maji!" Nawajibu, njooni mmoja mmoja tushindane ndoo, nione mwenye mkono. Hajaja hata mmoja. Mabega niliyokuambia hapo juu, mayu, ndiyo yanatoka kwenye ndoo hizo.

Na huku nikipanda na kushuka bondeni nafikiri. Usicheke, ninafikiri. Zamani nilidhani Mungu ameniumba ili niwe na ng'ombe wengi, nioe, nirudi huko nikiwa na redio kubwa. Kushukuru nilidhani ni kusema asante ukishashiba. Sasa nauliza, nimeshiba cha nani? Kama ndani ya shibe yangu kuna njaa ya mtu, ile asante nampelekea Mungu wakati yeye ananitazama anasema, "Doto, siyo mimi, nenda kagonge pale ng'ambo ya kijito." Hili sijafundishwa na mchungaji wala na kidato cha pili. Nimelijua kwa ndoo. Na sasa naamini tumewekwa hapa duniani kwa ajili ya aliye jirani na sisi, yule anayekupa maji, na hata yule ambaye ng'ombe wako walimlia mahindi yake. Mengine yote ni nyongeza. Madam naye ni nyongeza. Nzuri sana, lakini nyongeza.

Usidhani namchukia mjomba. Mwaka jana nilipozidiwa na malaria alinipakia kwenye pikipiki mpaka Mpanda mjini, akakesha kwenye benchi na buti zake za matope. Silisahau hilo mpaka nife. Na ninamwombea kila siku, kwa sauti, spika zinasikia. Lakini kumpenda ni kitu kimoja, kumsaidia kudanganya ni kitu kingine. Nikienda kusema nilichanganyikiwa, nitakuwa nimemla Mama Anitha mara ya pili, na safari hii bila ng'ombe.

Sasa mayu, kaa vizuri. Kulwa, hapa soma polepole.

Unakumbuka mayai? Tulikuwa na miaka saba. Mimi na Kulwa tuliiba mayai manne ya kuku wa bibi jirani. Kulwa ndiye aliyekaa mlangoni kuangalia, asijifanye mtakatifu hapo alipo. Uliyakuta chini ya kitanda. Hukutuchapa. Ulinishika mkono huu wa kulia, Kulwa ukamshika wa kushoto, ukatupeleka mpaka uani kwa yule bibi, njia nzima watu wanatuangalia. Moja lilikuwa limepasuka, linanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nikakuambia, "Mayu, tuseme tumeyaokota." Ulisimama njiani. Ulisema, "Ukisema hivyo, huyu bibi atakuwa ameibiwa na mtoto wangu, halafu akafanywa mjinga na mtoto wangu." Ukanisukuma mbele nikasema.

Basi ni wewe. Mjomba anatafuta nani amemharibu mwana wa dada yake, anasema ni kwaya, anasema ni yule mjane. Mwambie ni dada yake.

Barua hii nampa mwanakwaya mmoja anayepanda treni Jumatatu, atashuka Tabora na kuendelea na basi hadi kwenu. Nimemfungia na asali ya huku Ugalla kwa ajili ya kikohozi cha baba. Kulwa, usilambe njiani kati ya mlango na kitanda cha baba. Msalimie bibi mzaa baba, mwambie mjukuu wake bado hajaoa na siyo kwamba wamekosekana. Msalimie shangazi mshona nguo, kaptula aliyonishonea imepasuka lakini kwa heshima, shambani. Msalimie na mwinjilisti aliyenibatiza, mwambie maji yameanza kufanya kazi, yalichelewa tu.

Na kuhusu ile Jumapili. Treni ipo, mayu, na muda upo. Kama kweli unataka nikaseme kwamba ng'ombe walikuwa mtoni, usinipigie simu. Njoo mwenyewe. Unishike mkono huu huu wa kulia kama siku ile, unipitishe mbele ya watu wote, mbele ya Mama Anitha, unisukume mbele, uniambie: sema uongo, mwanangu.

Nitakuwa nimesimama mlangoni pa kanisa, nimenawa mikono, nakusubiri.

Ni mimi mwanao, wa pili kwa kuzaliwa, wa kwanza kwa sauti,

Doto