Dakika Kumi za Mwisho, Upande B

Jumanne, mwisho wa Agosti. Upepo umevuma Dodoma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Nimerudi kutoka intaneti kafe na sijala. Sina hamu.

Leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe.

Mnaosoma hapa mnaujua ugonjwa wangu: black metal ya taratibu, roki nzito ya nchi za baridi, ile ya nyimbo za robo saa zenye sauti ya upepo na mtu anayelia kwa mbali msituni. Na si muziki tu. Nazitaka kaseti zenyewe, zile zinazotolewa nakala hamsini tu, kila moja na namba yake kwa mkono. Soko huria limetuletea kila kitu, ila hizo haziuzwi duka lolote hapa mjini. Zinakuja kwa posta, kwa kubadilishana na watu usiowajua sura. Karani wa masijala, mkazi wa Area C, nakusanya muziki wa theluji. Ofisini wananicheka, nanyi chekeni tu.

Kaseti zangu nazifungia kabatini kwa kufuli. Kila inayofika, kwanza navunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni, asije mtu akarekodi juu yake.

Mama naye hunitumia kaseti. Yuko Chemba, hajui kuandika, na simu kule haishiki. Anaongea kwenye redio kaseti niliyomnunulia, kondakta wa basi ananiletea, nami namjibu vivyo hivyo. Hizo zinakaa kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Sijawahi kuzivunja kidude hata kimoja.

Mwezi wa sita ilifika mpya. Nilijua ni yale yale, mbuzi kazaa, ndege wamekula mtama, fulani anakusalimu. Nikasema nitaisikiliza Jumamosi.

Jumamosi hiyo jamaa mmoja wa Finland alikuwa anasubiri nakala ya kaseti yangu adimu kuliko zote, namba tisa kati ya hamsini. Kwetu sisi wakusanyaji, ukichelewesha nakala jina linaharibika, hakuna atakayekutumia kitu tena. Sikuwa na kaseti tupu na maduka yalishafungwa. Nikavuta boksi; ile mpya ilikuwa juu.

Nilirekodi juu ya mama yangu.

Wala sikumsikiliza kwanza, na ilikuwa kaseti ya dakika sitini tu. Nikapanga kumwambia kaseti ilikatika njiani, kisha sikumwambia chochote.

Leo yule Mfini kaandika. Anasema muziki umeishia kabla upande B haujafika mwisho, halafu kuna dakika kumi za mwanamke anaongea, na hizo ndizo anazozirudia kuliko muziki. Alidhani nimeziweka makusudi. Anauliza ni nani, na zipo nakala ngapi. Kaambatisha kipande kifupi cha mwisho nimwelezee maana. Nilikingoja kishuke karibu nusu saa, nikavaa spika za masikioni.

Mama alikuwa anaongea polepole, kwa haya. "Nimeshasema, mwanangu, na sirudii. Mambo haya mzazi hamwambii mtoto usoni. Ukikubali, nyamaza tu, nitaelewa. Ukikataa, njoo uniambie."

Nimenyamaza miezi miwili. Sikujua nimekubali nini.

Nikampigia dada yangu Mwajuma, aliyeko Kondoa mjini. Alinishangaa. Mama kaolewa mwezi uliopita, na Mzee Idi, fundi baiskeli aliyefiwa na mkewe. "Alikungoja wiki nne, kaka. Ulivyokuwa huji, alilia kwa furaha. Akasema tusikusumbue na shughuli, umeshampa heshima yake. Kila anayekutana naye anamwambia, 'Mwanangu ana moyo mkubwa.'"

Nikajibu ndiyo, nashukuru. Nikakata simu.

Sasa niandike lililo baya zaidi. Ningeisikiliza ile kaseti, ningepanda basi kesho yake kwenda kukataa. Ningemtaja marehemu baba, ningetaja watu watasemaje, na Mama angeacha. Najijua. Furaha yake imepatikana kwa sababu sikuwa na muda naye.

Nimemjibu Mfini kwamba nakala ipo moja tu, na kwamba yule ni mama yangu. Nimemwomba anirudishie, nami nitampa namba tisa yenyewe, ile halisi. Dakika hamsini za mwanzo hazitarudi kwa namba yoyote. Alichokisema Mama humo, jinsi alivyoniomba, maneno aliyoyatafuta, hayo nimeyafuta kwa mkono wangu.

Nikimwambia ukweli, atajua kwamba ruhusa yangu haikuwepo. Nikinyamaza, nitakuwa nimemnyamazia mara mbili.

Jumamosi nakwenda Chemba. Nitampa Mzee Idi shikamoo yake. Halafu Mama atanishika mkono anishukuru, na sijui uso wangu nitauweka wapi.