Manyoya ya Bawa la Kushoto

Baba Zuhura, mume wangu,

Salamu za hapa Temeke ni zangu peke yangu, maana Zuhura ameshaolewa Kipawa na wewe uko Zambia. Jioni nikimaliza kufagia uwanja sina wa kumwambia nimemaliza.

Naukumbuka mwaka ule vitu vilipoadimika. Wenzako walikuwa kwenye foleni ya sukari na sabuni, wewe unatafuta vinyoya vya kupigwa kwa raketi. Mwalimu wa mpira wa vinyoya bila vinyoya atafundisha nini? Klabuni mjini walikuambia wazi kwamba vilivyobaki vikiisha, na kazi yako imeisha. Ulirudi umenywea, ukakaa mkekani bila kuvua viatu. Ndipo nikawatazama bata wangu.

Majirani walitucheka. Bata wote wale, Idi inakuja na kupita, hachinjwi hata mmoja. Mama wa mkaa akaniuliza, "Shoga, nyie hawa bata mnawafuga au mnawasomesha?" Nami nimeinama naokota manyoya waliyopukutisha. Nachomoa lililovunjika kwenye kinyoya kikuukuu, napachika jipya, natia gundi, nafunga uzi.

Kile cha kwanza nilichanganya manyoya ya bawa la kulia na la kushoto. Ulipokipiga kikakata kona hewani, kikatua jikoni kwa jirani. "Mama Zuhura," ukasema, "hiki kinataka kwenda Mbagala." Hukunicheka zaidi ya hapo. Ukanionyesha jinsi nyoya la kila bawa linavyopinda upande wake, tukakubaliana tutumie ya kushoto tu.

Tangu hapo kila nilichotengeneza ulikijaribu na mimi, kamba ya nguo ikiwa wavu wetu, kanga bado zinachuruzika maji. Klabuni ulikuwa ukiwapigia wanachama taratibu ili wafurahi. Mimi hukunihurumia hata kidogo. Nilikimbia mpaka kilemba kikadondoka, na sijapata kujiona mke wa mtu kama jioni zile.

Kisha wanachama wakahama mmoja mmoja, ukumbi ukafanywa ghala la mahindi. Zambia wakakuita ukafundishe. Nilikusindikiza stesheni na boksi la vinyoya, na tangu siku hiyo yule bwana wa reli, jirani yetu, hakupanda treni bila mimi kumpa vingine akuletee.

Wiki iliyopita akaja na salamu zako. Umepata vinyoya vya plastiki, havivunjiki, "mwambie mama asihangaike tena." Alisema huku anatabasamu, akidhani ananiletea furaha. Nikamshukuru, nikampa chai. Alipoondoka nikalia, Baba Zuhura, nikalia kama mfiwa.

Najua ulinionea huruma. Lakini kuhangaika kule ndiko kulikonifanya nijue kwamba bado tuko pamoja, wewe huko na mimi huku. Sasa nikiamka sioni cha kufanya kwa ajili yako, na siku inakuwa ndefu mno. Sikuombi uache ualimu, maana nakujua, ukiuacha utaugua. Nauliza jambo moja tu, na jibu lake umpe huyo huyo bwana wa reli, nitamsubiri mlangoni: vinyoya vyangu huvihitaji tena, sawa. Mimi mwenyewe je, bado unanitaka?

Ulale salama huko uliko.

Mkeo,
Mama Zuhura